Famasi yangu ya Area C, na kwa nini siku hizi sinunui dawa popote tu

Wadau wa Dodoma habari zenu. Naomba niseme kuhusu famasi moja pale Area C ambayo nimekuwa naenda tangu mwezi wa 10 mwaka jana, jina siliweki isije ikaonekana nimetumwa, ila wa maeneo yale wakisoma wataijua tu, ni ile ya pazia zito dirishani na kipimajoto ukutani karibu na kaunta.

Nilifikaje pale? Mwanangu wa miaka 3 alikuwa anatoa usaha sikioni, hospitali wakaniandikia ile amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki, ya maji, ile inayokuja ya unga unaongeza maji mwenyewe. Nikanunua kwenye duka lingine nililolikuta njiani, duka zuri tu kwa macho, vioo mbele mwanzo mwisho na jua la jioni linapiga moja kwa moja kwenye shelfu. Mnalijua jua letu la mwezi wa 10 kabla mvua hazijaanza. Nafika nyumbani nafungua chupa, unga umegandana kama udongo wa kichuguu na rangi imeenda kwenye kahawia, naangalia tarehe bado mwaka mzima. Narudi pale naambiwa "tikisa kwa nguvu tu mama, itachanganyika". Nilisikia uchungu sana aisee, maana ni mtoto yule, na usiku uliopita hakulala.

Ndo jirani akaniambia nenda Area C. Dada mfamasia aliichukua ile chupa akaigeuza mbele ya taa, akasoma boksi, akanionyesha palipoandikwa ihifadhiwe pakavu na isizidi nyuzi 25, akasema dada hii usimpe mtoto. Kwamba klavulaniki inavuta unyevu na haipendi joto, na ikishaharibika ile amoksilini peke yake haiwezi kupambana na wadudu waliojifunza kuivunja, kwa hiyo mtoto anamaliza dozi halafu sikio liko vilevile na wewe unasema dawa za siku hizi feki. Kumbe yawezekana kiwandani ilitoka nzima kabisa. Hilo ndilo lililonibadilisha, nilikuwa nadhani dawa ni ama feki ama orijino basi, sikuwahi kufikiria kwamba orijino inaweza kufia dukani.

Akanipa nyingine, akachanganya yeye mwenyewe na maji safi, akapima mpaka kwenye mstari, akaandika tarehe ya kuanza kwa kalamu na kusema ikae friji na siku ya 7 kinachobaki kisitumike tena. Nililipa elfu mbili zaidi ya kule kwa kwanza. Sijutii hata senti.

Sasa mimi ni mtu wa maswali, na siku hiyo foleni haikuwepo, nikamuuliza hivi huko viwandani wanajuaje kidonge kina dawa kweli? Yeye alifanya mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda cha vidonge Dar kabla hajaja huku, akanielezea kwa moyo wote. Malighafi ikifika haiguswi, inawekwa karantini kwanza, wanachukua sampuli kupima kama ni kitu chenyewe kilichoandikwa kwenye pipa. Kisha wanachanganya na wanga na vitu vingine vya kushikiza, wanatengeneza chembechembe, wanakausha, ndo inaenda kwenye mashine ya kubana vidonge, na wakati mashine inaendelea kuna mtu kazi yake kuchukua vidonge kila baada ya muda anavipima uzito na ugumu. Kuna pipa la plastiki wanaviweka vidonge linazungushwa mara 100, vikimeguka zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake hiyo kazi ina shida. Wanapima pia kama kinasambaratika kwenye maji ya nyuzi 37 sawa na joto la mwili, kidonge cha kawaida kisicho na ganda kinapewa dakika 15.

Nikamwambia basi hata mimi nyumbani naweza kutumbukiza kwenye glasi nione. Akakataa kabisa, akasema hata chaki itasambaratika, hiyo haikuambii dawa imo kiasi gani. Kiasi kinapimwa kwa mashine maalumu maabara, kwa mfano parasetamoli ya miligramu 500 kwa kitabu cha Waingereza cha viwango vya dawa inatakiwa iwe kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa, yaani 475 mpaka 525. Mzigo wote unabaki stoo umefungwa mpaka mtu wa ubora asaini, na sampuli za kila toleo (batch) zinatunzwa kiwandani mpaka mwaka mmoja baada ya dawa ile kuisha muda, ili mkilalamika huku wao wanafungua ile ya kwao wanalinganisha. Ndo maana anasema usitupe boksi wala usikate karatasi ya vidonge upande wenye namba ya toleo, bila ile namba malalamiko yako hayana pa kushikia.

Hata ile tarehe ya mwisho haibuniwi. Dawa inawekwa kwenye makabati ya nyuzi 40 na unyevu asilimia 75 kwa miezi 6 waone inavyochoka, na nyingine zinakaa miaka kwenye joto la kawaida la nchi husika zikipimwa. Kwa hiyo tarehe ni ahadi yenye masharti, ukivunja masharti ya uhifadhi na ahadi haipo.

Kuhusu serikali, TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambao zamani walikuwa TFDA mpaka 2019, dawa haiingii sokoni kihalali bila wao kuisajili, wanakagua viwanda mpaka vya nje, na maabara yao ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwaka 2018 wakawa wa kwanza Afrika kufika ngazi ya 3 ya udhibiti wa dawa kwa vipimo vya shirika hilohilo. Hilo mimi kama Mtanzania najivunia kwa kweli. Lakini mkaguzi hawezi kukaa kila duka kila jioni jua linapoingia dirishani, hapo anabaki mwenye duka na dhamira yake.

Siku nyingine nilikuta babu mmoja ameleta aspirini zake za moyo kwenye kikopo, alizitoa zote kwenye karatasi zake ili asisumbuke kufungua. Mfamasia akamwamkia, akanusa, akamwuliza babu hizi zinakaa wapi, babu akasema pembeni ya mtungi wa maji kwa sababu pana ubaridi. Zilikuwa zinanuka siki! Aspirini ikila unyevu inavunjika na mojawapo ya kinachotoka ni ileile asidi ya siki. Alimweleza taratibu kwa heshima zote, hakumcheka, akamuuzia nyingine na kumwambia aziache kwenye karatasi yake mpaka saa ya kumeza. Watu wazima wetu wengi wanafanya vile, mkienda kijijini angalieni vikopo vyao.

Kwa upande wa huduma, AC inafanya kazi na umeme ukikatika inveta inashika friji, nimeshuhudia mwenyewe. Kipimajoto kina daftari, wanaandika asubuhi na jioni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa bila kuombwa. Antibaotiki bila cheti hawakupi hata ulie, mume wangu alinuna siku hiyo ila mimi naona wako sahihi.

Yasiyonifurahisha, wanafunga saa 3 usiku na homa za watoto zinapanda saa 7. Jioni kaunta kuna mtu mmoja, foleni inafika mlangoni na hapo huwezi kuuliza chochote, watu wanaguna nyuma yako. Na dawa ya presha ya mama yangu huwa inawaishia katikati ya mwezi, inabidi nipige simu kwanza. Wakiongeza mtu wa pili kuanzia saa 11 jioni mimi sina la kudai.

Sikio la mwanangu lilikauka siku ya 4, tukaendelea na dozi mpaka siku ya 7, chupa yenye mabaki nikawarudishia, wana boksi lao la dawa za kuteketezwa pale chini ya kaunta.