Sufuria ya presha ya lita 24 kwa mbegu za uyoga: tathmini kutoka Uyole

Sufuria hii nzito ya alumini, yenye kipimo cha presha juu ya mfuniko na skrubu sita za kukaza kwa mkono, hutengenezwa kwa ajili ya kutakasa vifaa vya zahanati ndogo. Mimi naitumia hapa Uyole, Mbeya, kuua vimelea katika mtama uliojazwa kwenye chupa, wa kuoteshea mbegu za uyoga wa mamama. Kwa kazi hiyo naikubali, isipokuwa kijitabu chake cha maelekezo, ambacho kimeandikwa kana kwamba wanunuzi wote wanaishi pwani.

Kijitabu kinaeleza kwamba mshale ukifika paundi 15 za presha (kwa inchi ya mraba), joto la ndani ni nyuzi 121, na hapo ndipo muda uanze kuhesabiwa. Kwa Tanga au Dar es Salaam ni sahihi. Lakini Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Na kwa kuwa mshale huonyesha tu kiasi ambacho presha ya ndani imeizidi ya nje, paundi 15 za huku hutoa nyuzi zipatazo 118. Pengo hilo linaweza kuonekana dogo, ila spora za bakteria, yaani chembe zao ngumu za kujihifadhi, zilizojificha kwenye punje za mtama hustahimili hata maji yanayotokota, na zikisalimika, chupa huanza kutoa ute wa kijivu na harufu ya kuchacha kabla uyoga haujatambaa kwenye mtama. Hivyo hupandisha mshale hadi karibu paundi 18, ambazo kwenye kipimo changu bado zimo katika eneo la kijani. Ambaye sufuria yake hairuhusu kiwango hicho asilazimishe, aongeze muda. Wenzetu wa Kyela, walio bondeni kando ya Ziwa Nyasa, hawana shida kubwa, ila mkulima wa Njombe, kulikoinuka kuliko huku, atahitaji kuongeza zaidi yangu.

Hewa nayo ni lazima itoke kwanza. Huacha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 ndipo nifunge vali, maana hewa iliyobaki ndani hupandisha mshale bila kupandisha joto kwa kiwango kile kile. Jiko la gesi linafaa kuliko la mkaa, ambao haupunguziki haraka presha inapozidi.

Kupoa huchukua muda mrefu, na ukifungua vali kwa pupa, vizibo vya pamba huruka na mtama humwagika.

Udhaifu halisi wa sufuria hii ni mpira wa mfuniko, ambao hukakamaa na kuanza kuvujisha mvuke. Muuzaji asiye na mpira wa akiba dukani, usinunue kwake hata akikupunguzia bei.