Kupimwa OCT ya macho Upanga: uzoefu wangu

Mama yangu alipofuka kwa glakoma, ile tunayoiita presha ya macho, na jicho halikumuuma hata siku moja. Ndiyo maana nilipofikisha miaka 40 nilikwenda kliniki moja Upanga, Dar es Salaam, kupimwa OCT, picha ya tabaka za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayopigwa kwa mwanga.

Kipimo chenyewe hakisumbui. Unaegemeza kidevu, unatazama msalaba wa kijani, kijana anakwambia "dada, usipepese", sekunde chache kimekwisha. Bima yangu haikulipia, nikatoa taslimu.

Presha ya macho ilikuwa 19 na 20, na kawaida ni 10 hadi 21. Ningeishia hapo ningerudi Tabata nimetulia bure. OCT ilionyesha tabaka la nyuzi za neva, zile ambazo glakoma huziua, jicho la kulia lina mikroni (elfu moja za milimita) 92, la kushoto 71, yaani jembamba zaidi.

Daktari akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Maabara zinazochunguza glakoma huwapiga panya picha za aina hii, ingawa jicho la panya mdogo lina urefu wa milimita 3 na ushei tu, la mtu kama 24. Zamani kuhesabu nyuzi zilizokufa kulitaka panya auawe. Sasa panya yule yule, aliyepandishwa presha ya jicho, hupigwa picha wiki baada ya wiki, na tabaka linaonekana likipungua. Nikaelewa kwa nini picha yangu moja haitoshi: kinachotafutwa ni mabadiliko.

Kwa hiyo ubora wa picha ya kwanza ni kila kitu, na hapo kliniki ile ilinikera. Jicho la kushoto lilitoka na ubora 5 kati ya 10, na kijana akataka kuchapisha hivyo hivyo. Nikamwomba arudie. Akaniwekea matone ya kulainisha, ikaja 8, na ile 71 ndipo ilipopatikana. Mwanzo ilisoma 63. Nakala nayo nilipewa baada ya kuidai. Idaini. Na mkirudi, ombeni mashine ile ile, maana vipimo vya mashine tofauti havilinganishwi.

Baada ya kupimwa upeo wa kuona nimeanzishiwa matone ya usiku. Narudi baada ya miezi 6. Kaka yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, anapimwa Jumamosi hii.