Chui aliyesikia kitu: nilivyonunua picha ya Tingatinga Oysterbay

Nashona nguo Kinondoni, huu mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo nikiingia duka la kazi za mikono macho huanzia kwenye pindo. Safari hii nilitaka picha ya Tingatinga, ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi kali, nimpe binti yangu, amehamia kwake.

Duka la kwanza silitaji jina. Liko mjini, lina kiyoyozi, picha zimepangwa mpaka darini. Nilichukua twiga watatu na jua linazama, shilingi 40,000. Mistari imenyooka, hakuna rangi iliyovuka mpaka wake. Wiki ya pili nafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, shingo ya twiga ikabanduka kama ganda la kitunguu. Walipaka rangi juu ya rangi ambayo haijakauka. Niliporudisha nikaambiwa picha haifutwi. Mtaani mtu akitapeliwa husema "huo usanii", na siku hiyo neno hilo liliniuma, kwa sababu naiheshimu kazi ya mikono.

Binti akanielekeza Oysterbay, kwenye ushirika wa Tingatinga pale Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Mahali penyewe panastahili: picha za Edward Saidi Tingatinga ziliuzwa hapo hapo Morogoro Stores. Alitoka Tunduru, hakupita chuo cha sanaa, na mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Alichora kama miaka minne tu, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima.

Nilikaa kumtazama kijana mmoja akichora kanga, wale ndege wa madoa. Anachovya kitako cha brashi kwenye rangi nyeupe, anagusa, anainua, doa moja. Anachovya tena. Nilihesabu madoa 60 na hakuna lililogusa jirani yake. Mkono ule ningeutaka kwenye cherehani yangu! Nikamuuliza, "Mwanangu, hawa kanga wanakwenda wapi?" Akasema, "Mama, hawa ndio wanaotoka haraka."

Pembeni alikuwepo mzee na chui mmoja juu ya rangi ya manjano tupu, hakuna mti wala mlima. Chui amegeuza shingo, anatazama nyuma. Mguu wake mmoja wa nyuma umezidi unene. Ingekuwa mshono wangu, ningefumua.

"Shikamoo mzee. Huu mguu vipi?"

"Marahaba. Amesikia kitu. Uzito wote kaumwaga hapo kabla hajageuka."

Nikatazama upya, na kweli, yule chui alikuwa anataka kuondoka. Nina mwanafunzi ofisini anayeshona mstari ulionyooka kuliko wangu, lakini mteja akileta kitenge hajui amuulize nini: anakwenda harusini au msibani, atacheza au atakaa? Kijana wa kanga ana mkono, nami nampa heshima yake yote. Mzee alikuwa na jambo la kusema kuhusu chui, na mguu mnene ndio ulilisema. Huyo kwangu ndiye msanii, na ndivyo ninavyomwelewa Tingatinga mwenyewe.

Ila msinielewe kwamba ufundi ni bure. Nilitoa hela palepale, mzee akakataa. Madoa ya mgongoni ameyaweka asubuhi, rangi hii ya mafuta haitaki haraka, nirudi baada ya siku tatu. Nilirudi. Akapitisha kidole gumba kwenye kila doa, taratibu, ndipo akaifunga kwa gazeti. Shilingi 85,000, na sikuomba kupunguziwa. Mwezi wa pili huu binti anaifuta kwa kitambaa kibichi kila Jumamosi, haijabanduka hata chembe. Ameitundika kando ya mlango, na mjukuu wangu akipita humuuliza chui amesikia nini.

Ukienda, nenda asubuhi ya siku ya kazi uwakute wanachora. Muulize aliyechora, usiishie kwa anayeuza. Kisha sogeza pua karibu na picha. Ikiwa bado inanuka rangi kali, lipa kianzio, uiache ikauke, urudi.