TAHADHARI: mafundi wanaopaka simenti kwenye kuta za ziwani na kusema wamejenga upya

Ndugu za Muhumba, Nguba na kando yote ya Ziwa Kivu hapa Bukavu, nanyi wa Goma pia: kuna mafundi wanaopita parseli kwa parseli kila mvua zinapoelekea kwisha. Wanakuonyesha ufa kwenye ukuta wa mawe unaoshikilia udongo wa uani kwako, wanaandika devi (hesabu ya gharama) ya "kubadilisha ukuta", wanachukua avansi kubwa ya dola, kisha wanapiga krepi (plasta ya simenti) upande wa ziwa, wanaziba matundu ya kutolea maji na kumalizia na chokaa. Ukuta unapendeza, na sasa ndiyo umekuwa hatari.

Udongo mwekundu wa Bukavu unashika maji. Ukuta wa kimo cha mita 2, maji yakijaa nyuma yake hadi juu, kila mita moja ya ukuta inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2, mbali na msukumo wa udongo wenyewe. Krepi ya sentimita 2 haizuii kitu hapo. Anayeziba matundu ama hajui kazi, ama anakuibia.

Kabla ya kutoa hata dola moja, kagueni wenyewe. Ufa mwembamba kama unywele, usioongezeka, unakwanguliwa na kujazwa mota, basi. Ufa wa kuogopa ni ule unaoingiza ncha ya kidole, hasa ukiwa umelala na mawe ya upande mmoja yamesogea mbele. Bandika jipsi juu yake, upana wa kiganja, andika tarehe. Ikikatika ndani ya wiki chache, ukuta unatembea.

Mvua kubwa ikipita, angalia matundu. Yakitoa maji safi, ni vizuri. Yakitoa tope, udongo wa nyuma unahama, na mara nyingi utaona majani ya uani yamebonyea karibu na ukuta. Yakikauka kabisa, yameziba.

Mwezi wa 7 au wa 8, ingieni majini na chuma cha milimita 12, mchome chini ya msingi. Kikipenya sentimita 20 bila kugonga kitu, mawimbi yamekula mguu wa ukuta, na hapo kubadilisha ni halali. Fundi ambaye hakulowa miguu hajakagua chochote. Goma, msingi ukikaa juu ya mwamba wa lava, ubaya huu ni nadra. Kule angalieni wasiwaletee mawe mepesi ya matundu-matundu badala ya yale mazito.

Devi ya kweli inataja upana wa kitako: ukuta wa mawe wa mita 2 unataka kama mita 1 chini. Wenzetu hawa huandika sentimita 40. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unachukua toroli 2 za mchanga, si 5. Ukuta hubomolewa vipande vya mita 3 hivi, si wote kwa siku moja. Na wakiwauzia "dawa ya chumvi", eti ya kukinga ukuta usiliwe na chumvi, kataeni: Kivu si bahari.

Kama wameshaziba kwako, toboa upya kabla ya mwezi wa 9: matundu ya milimita 50, kila mita 1.5, mstari wa chini kwanza, juu kidogo ya maji ya ziwa. Tundu likirusha tope, simama, acha limwage mpaka litulie ndipo utoboe la pili, na mtu yeyote asikae juu ya ukuta wakati huo.