Kamera na maji ya Lamu: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Mwezi wa Juni, kusi limekaza, nilipanda boti Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani Lamu. Kamera ilikuwa ndani ya begi la mgongoni lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba halipitishi maji. Mbinguni hakukuwa na wingu hata moja. Tulipoingia penye mkondo mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, moja likaruka likatumwagikia mapajani. Nikaona heri niliteremshe begi chini, miguuni, lisipate rasharasha. Huko chini ndiko kulikokuwa na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo. Kufika gatini nafungua zipu, kitambaa cha ndani kimeloa chapachapa. Siku 2 baadaye pete ya kuvutia picha kwenye lenzi ikaanza kukwaruza kila nikiizungusha, utadhani imeingia mchanga. Ilikuwa chumvi iliyokauka.

Kwa hiyo orodha yangu ya vitu vya kununua haianzii kwenye mvua. Maji ya mvua yakiingia kidogo na kamera ikakaushwa upesi, mara nyingi unanusurika. Maji ya bahari yakikauka huacha chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu wa hewani usiku na mchana, ikaendelea kula chuma na viungo vya umeme hata kamera ikiwa kabatini. Tena maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko ya mvua, kwa hivyo tone moja penye betri linatosha kuleta hasara. Nasi watu wa visiwa hatuna njia ya kuepuka boti. Mteja wa harusi yuko Shela, shughuli iko Matondoni, mgeni anayetaka picha za magofu ya Takwa yuko Manda, na uwanja wa ndege wenyewe uko ng'ambo. Mvua ina miezi yake, masika kuanzia Machi au Aprili na vuli mwishoni mwa mwaka. Bahari haina likizo.

Nafasi ya kwanza: mfuko wa kukunja mdomo

Huu ndio mfuko ambao vijana wa boti za watalii huuita draibegi. Ni gunia la plastiki nzito, halina zipu, mdomo wake unakunjwa kisha unabanwa kwa kifungo. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua huu. Ujazo wa lita 20 unatosha kamera moja, lenzi mbili na betri, vyote vimezungushiwa kikoi.

Kabla hujalipa, ugeuze mfuko nje ndani utazame maungio. Mfuko mzuri umeunganishwa kwa moto, plastiki mbili zimeyeyushwa zikawa moja. Ukiona uzi, ujue kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na begi lililoniponza mimi lilikuwa la uzi. Halafu ujaze hewa, kunja mdomo mara 3, funga kifungo, ukumbatie kwa nguvu karibu na sikio. Ukisikia hewa inatoka, mrudishie mwenye duka. Nyumbani rudia jaribio hilo: tia karatasi kavu za gazeti ndani, uzamishe mfuko kwenye ndoo ya maji, uweke jiwe juu, ulale. Asubuhi gazeti litakupa jibu.

Kukunja mara 3 ni lazima. Wengi hujaza vitu mpaka mdomoni, wakabaki na nafasi ya kukunja mara moja tu, kisha wakalaumu mfuko. Acha na hewa kidogo ndani, mfuko ukidondoka majini utaelea. Mfuko huu una kasoro 2. Hauzuii mgongano, ndiyo maana ya kikoi. Pia ukiuacha juani umefungwa, hewa ya ndani hupata joto, na unyevu uliomo ukafanya ukungu juu ya vioo.

Na chomboni kuna mahali pa kukaa. Siku moja nilitaka kukaa mbele nipige picha za mashua zikishindana. Nahodha, mtu mzima, akanitazama na mfuko wangu akasema, "Kaa tezi, mwanangu. Omo ni kwa watu wasiojali kuloa." Nilimtii, na tangu hapo hukaa tezi, yaani nyuma ya chombo, upande ambao upepo unaelekea, mfuko ukiwa mapajani. Haukai chini tena.

Nafasi ya pili: nguo ya mvua ya kamera

Mfuko unalinda kamera ikiwa imefichwa, lakini kazi yetu ni kuitoa. Maulidi ya Lamu hufuata mwandamo wa mwezi, kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11, kwa hivyo miaka mingine huangukia kiangazi na mingine katikati ya masika. Matwari, zile ngoma za Maulidi, hayangojei mvua ipite. Hapa unahitaji kitu cha kuvisha kamera huku mikono yako inafanya kazi.

Zipo aina 3. Ya kwanza ni ile mikono ya plastiki nyembamba, kama OP/TECH Rainsleeve, inayouzwa miwilimiwili. Ni rahisi, ni nyepesi, na unaona vitufe vyote kwa nje. Ila hupasuka upesi, na sisi Kenya tuna sababu nyingine ya kuikwepa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi. Ukishuka Malindi kwenye hifadhi ya bahari na kamera imevishwa mfuko wa nailoni, unatafuta maneno na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, nawe huna hoja. Isitoshe, vipande vyake vikipeperuka vinakwenda kwa kasa. Mimi sivitaki.

Ya pili ni makoti ya kiwandani ya kitambaa kizito, yenye kidirisha na mikono miwili ya kuingiza mikono. Think Tank wanatengeneza. Ni mazuri kwelikweli kwa mtu anayepiga picha za michezo chini ya mvua saa nzima, lakini bei yake inakaribia ya lenzi ndogo iliyotumika, na kwetu ni mpaka uagize.

Ya tatu ndiyo ninayoipa alama za juu: kushonesha kwa fundi. Tafuta mwavuli uliovunjika mbavu lakini kitambaa chake kizima. Kitambaa cha mwavuli tayari kimetengenezwa kuteremsha maji, ni chepesi, hakipigi kelele kikiguswa. Mpelekee fundi cherehani pamoja na kamera yenyewe, usimpe vipimo vya mdomo. Mwambie ashone kama mkono wa kanzu: upande mmoja mwembamba wenye mpira wa kubana shingo ya lenzi, upande wa pili mpana na mrefu, ili mkono wako uingie kwa chini ukafikie vitufe. Mgongoni atie kidirisha cha plastiki angavu, ile ya kutandika juu ya kitambaa cha meza. Jambo ambalo fundi hatalijua mpaka umwambie ni hili: mshono mrefu ukae chini ya kamera, usikae juu. Maji huteremka kwa juu, na penye uzi ndipo yanapopenya. Yangu ina miaka kadhaa sasa, imebadilishwa mpira mara moja.

Nguo yoyote utakayochagua, mbele ya kioo bado pako wazi. Usiache kofia ya lenzi, ile pete ya plastiki inayozuia jua. Huzuia matone kuliko unavyodhani, hasa ukielekeza kamera chini kidogo kila unapopumzika. Na lenzi zile zinazorefuka ukivuta picha hufyonza hewa ya nje kila zinaporefuka, kama mvukuto. Penye mvua, chagua urefu mmoja ubaki nao, na usibadilishe lenzi hata kama mwavuli uko juu yako.

Nafasi ya tatu: chombo cha kukaushia nyumbani

Watu hukidharau, nami nakiweka juu ya sanduku la bei kubwa. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, nyumba za mawe zina kuta nene zinazoshika unyevu, na kuvu huota juu ya vioo vya lenzi iliyoachwa ndani ya begi gizani. Ikishaota hukita mizizi kwenye rangi ya kioo, na kuisafisha ni kazi ya fundi na gharama yake.

Nunua boksi la vyakula la plastiki lenye mpira mdomoni na vibanio pande 4. Ndani weka silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu. Chukua zenye rangi, kwa sababu hubadilika zikishiba na unajua saa ya kuzikausha, ama kwenye joko la umeme la joto dogo, ama juani saa za mchana ukiwa na subira. Tia na kipimo kidogo cha unyevu. Sindano ikikaa kati ya asilimia 40 na 50, lala salama. Usiende chini sana, mpira na mafuta ya lenzi navyo vinataka uhai.

Mchele usinunue kwa kazi hii. Unyonyaji wake ni dhaifu na vumbi lake huingia kila mahali. Upike pilau.

Nafasi ya nne: sanduku gumu

Masanduku kama Pelican ni imara, hayaingizi maji, yanaelea, na kwa ndege au lori hayana mfano. Lakini namba 1510, lile la kuingia nalo ndani ya ndege, lina zaidi ya kilo 5 kabla hujatia kitu. Magurudumu yake yatakusaidia nini kwenye vichochoro vyetu vya mawe na ngazi? Utalibeba begani au utampakiza punda. Lifae mwenye vifaa vingi, mpiga filamu, mwenye droni. Ukilinunua, kila jioni ya ufukweni pangusa ule mpira wa mdomoni. Punje moja ya mchanga wa Shela ikikaa pale, mpira hauzibi tena.

Nafasi ya tano: kamera inayovumilia maji

Nimeiweka nyuma makusudi. Vijana wengi huniuliza kama wauze kamera zao wanunue iliyozibwa dhidi ya mvua. Nawajibu wasome kwanza alama za IP, zile zinazoonyesha kifaa kinavumilia vumbi na maji kiasi gani. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji: 4 ni rasharasha, 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, 8 ni zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji. Kamera nyingi zinazotangazwa kuwa zimezibwa hazina namba yoyote. OM-1 ya OM System ina IP53, na hiyo ni mvua, si kuzama. Lenzi nayo lazima iwe na mpira wake penye shingo, na baadhi ya lenzi za Canon za daraja la L hazijakamilika kuzibwa mpaka ufunge kichujio mbele. Hata simu zenye IP68, kipimo kile hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Bahari haimo.

Kwa anayetaka samaki na matumbawe, Manda Toto au Malindi, asiitie kamera kubwa kwenye mfuko laini wa kuzamia. Nunua GoPro, ile kamera ndogo; matoleo mengi ya miaka ya karibuni huvumilia mita 10 bila ganda. Lakini huzama kama jiwe, basi nunua na mshikio unaoelea siku hiyohiyo.

Vya bei ndogo usivyorudi nyumbani bila navyo

Kikoi cha pamba kilichofuliwa mara nyingi hunyonya maji vizuri, ila kwa mwili wa kamera tu. Kioo kina kitambaa chake. Chupa ndogo ya maji ya kunywa nayo ni kifaa. Ukitoka baharini, lowesha pembe ya kitambaa, kamua, pangusa kamera nzima kuondoa chumvi, kisha ikaushe. Maji ya kisima yaonje kwanza. Ulimi ukisikia chumvi, yaache.

Na ikianguka baharini kabisa, usiiwashe kuona kama nzima. Toa betri papo hapo, toa na memori kadi, fungua kila kifuniko. Picha zako zipo kwenye kadi, na kadi ikisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukauka mara nyingi husomeka. Kamera yenyewe ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo, boti ya kwanza ya Mokowe, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko pamoja na silika jeli.