Insee na Cassini: tovuti mbili za bure za kuhesabu wakazi wa Boulogne-Billancourt

Boulogne-Billancourt imekaa ndani ya kona ya mto Seine, kusini-magharibi mwa Paris, na ina wakazi takriban 120,000 kwenye eneo la kilomita za mraba sita na ushei. Kujua idadi hiyo ilivyopanda na kushuka tangu Mapinduzi ya Ufaransa hakugharimu hata senti. Kuna tovuti mbili: ya Insee, taasisi ya takwimu ya serikali, na ya Cassini, inayotunzwa na chuo cha EHESS. Zote ni za Kifaransa tupu, na ukitumia moja bila nyingine utapotoka.

Anza na Insee. Kosa la kwanza la wengi ni kuandika msimbo wa posta. 92100 ni wa barua. Msimbo wa komuni, yaani manispaa ya Kifaransa, ni 92012, na ndio unaotumika kwenye majedwali na mafaili yote. Ukitafuta kwa jina, liandike lote. Neno "Boulogne" peke yake linaweza kukupeleka Boulogne-sur-Mer, bandari ya kaskazini, ambayo ndiyo iliyokirithisha kitongoji hiki jina kupitia mahujaji wa karne ya 14.

Ukishapata ukurasa wa komuni, fungua "Dossier complet". Majedwali mawili yanatosha kwa kuanzia. POP T1 linaonyesha idadi ya watu na msongamano tangu 1968. POP T2M ndilo lenye utamu: linagawa ongezeko la kila kipindi mafungu mawili, vizazi kutoa vifo upande mmoja, waliohamia kutoa waliohama upande wa pili. Kwa Boulogne utaona wakazi 109,008 mwaka 1968, kisha 103,578 mwaka 1975, 102,582 mwaka 1982 na 101,743 mwaka 1990. Hawakupungua kwa kufa, walihama. Mwaka 1999 idadi imerudi 106,367.

Sababu yake Insee haikwambii, na hapo ndipo tovuti hii inapoonekana kavu. Louis Renault alianza kutengeneza magari Billancourt mwaka 1898, na kiwanda chake kikaja kukimeza kisiwa kizima cha Seguin. Kisiwa hicho kilifunga milango tarehe 31 Machi 1992. Viwanja vya kiwanda vilivyokuwa nchi kavu vikajengwa maghorofa na ofisi, na mwaka 2017 ukumbi wa La Seine Musicale ukafunguliwa kisiwani. Bila kuijua habari hii, mtu anaweza kulitazama jedwali siku nzima asielewe kwa nini mstari unashuka kisha unapanda.

Sasa mitego. Tangu 2004 Ufaransa haihesabu watu wote siku moja. Komuni yenye wakazi chini ya 10,000 huhesabiwa yote mara moja kila miaka mitano. Yenye 10,000 na kuendelea, kama hii, huchukuliwa sampuli ya asilimia 8 ya nyumba kila mwaka, na miaka mitano huunganishwa kupata tarakimu moja. Kwa hiyo kulinganisha mwaka mmoja na unaofuata hakuna maana, maana sehemu kubwa ya sampuli ni ileile. Linganisha kwa pengo la miaka mitano. Na kwa vipindi vinavyouvuka mwaka 2021, ambapo zoezi liliahirishwa kwa sababu ya Uviko, Insee yenyewe inashauri sita. Fahamu pia kwamba tarakimu rasmi iliyoanza kutumika Januari 2023 ni ya mwaka 2020.

Utakutana na "population municipale" na "population totale". Chukua ya kwanza. Ya pili inaongeza watu wanaohesabiwa pia kwingine, kwa mfano mwanafunzi wa bweni, hivyo ukijumlisha komuni kadhaa mtu mmoja anaingia mara mbili.

Wasomaji wenye ndugu Ufaransa watataka kujua kuna Watanzania au Wakongo wangapi. Kwenye majedwali ya komuni hawajatajwa: Algeria, Moroko na Tunisia zina safu zao, waliobaki wametiwa kwenye "autres pays d'Afrique" (nchi nyingine za Afrika). Lugha, dini na kabila havipo kabisa, kwani sensa haiviulizi. Na "immigré" kwa Insee ni mtu aliyezaliwa ugenini akiwa na uraia wa kigeni. Akipata uraia wa Ufaransa bado anabaki humo. Mzaliwa wa Mayotte, ambayo ni sehemu ya Ufaransa, mwenye uraia wa Ufaransa hahesabiwi humo kamwe, hata kama nyumbani kwao wana asili moja na jirani yake wa Ngazija.

Ukishuka ngazi ya mtaa, yaani IRIS, eneo la watu kama 2,000, usishtuke kuona mtu na nusu. Desimali zinatokana na uzito wa sampuli, faili halijaharibika.

Kwa miaka ya kabla ya 1968, Insee ina faili la Excel linaloanzia 1876, lenye mstari mmoja kwa kila komuni iliyopo leo. Ni zuri kwa kuchora grafu. Litakuonyesha watu zaidi ya 97,000 mwaka 1936 na chini ya 80,000 mwaka 1946. Katikati yake kuna vita, na ndege za Uingereza zilizopiga viwanda vya Renault usiku wa tarehe 3 Machi 1942 na kuua mamia ya raia. Lakini komuni zilizokwisha kufutwa hazimo, na hilo ndilo pengo linalozibwa na Cassini.

Cassini ina sura ya zamani na inatafuta polepole, ila inaanza na 1793 na inaeleza mipaka. Paris ilipopanuka tarehe 1 Januari 1860, komuni ya Auteuil ilifutwa, na kipande chake cha Billancourt kikapewa Boulogne. Anayelinganisha 1856 na 1861 bila kulijua hilo atadhani watu walimiminika, kumbe ardhi ndiyo iliyoongezwa. Jina la sehemu mbili lenyewe lilikuja miaka ya 1920. Udhaifu wa Cassini ni kwamba inaishia mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Majina ya watu hayapo kwenye tovuti yoyote kati ya hizi. Hayo yamo kwenye orodha za sensa za nyumba kwa nyumba, zinazofunguliwa kwa umma baada ya miaka 75; kwa Boulogne uliza nyaraka za mkoa wa Hauts-de-Seine, Nanterre, ukikumbuka kwamba hadi mwisho wa 1967 komuni hii ilikuwa mkoa wa Seine.