DSpace ni ya bure, lakini hebu tazameni hiki kiungo

Wadau, karibuni. Leo ni DSpace, programu ambayo vyuo huitumia kuhifadhi tasnifu na makala zao mtandaoni. Habari za kusakinisha na kupandisha tasnifu naziruka, mlioko maktaba za vyuo mnazijua. Mimi leo nina ugomvi na tarakimu tisa tu.

Tazameni kioo changu. Nafungua tasnifu moja kwenye toleo la zamani, nashuka mpaka kwenye kiungo cha kudumu, nakikuza muone: hdl.handle.net, halafu 123456789, halafu namba ya tasnifu. Nakinakili. Nakibandika. Naam... hakipatikani! Hiyo 123456789 ni namba ya majaribio, inakuja na programu. Chuo kinatakiwa kisajili namba yake kwenye mfumo wa Handle, unaompeleka msomaji kwenye anwani ya sasa ya tasnifu hata ikihama, dola 50 kwa mwaka, kisha mtu aiandike kwenye faili la mipangilio. Mstari mmoja! Asipoiandika, mwanafunzi ananukuu kiungo hiki kwenye marejeo yake, hakifunguki tangu siku ya kwanza; akinukuu anwani ya seva badala yake, kesho chuo kinaibadili, kwisha habari. Kudumu gani huko?

Sasa kuna ndugu zangu wanasema tatizo ni makampuni kuingilia programu huria. Jamani, DSpace yenyewe ilizaliwa 2002 na maktaba za chuo cha MIT cha Marekani pamoja na maabara za kampuni ya kompyuta ya Hewlett-Packard. Biashara ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Leo kampuni za Atmire ya Ubelgiji na 4Science ya Italia wanauza huduma ya kuisakinisha na kuitunza, na toleo la 7 la 2021 limejaa msimbo wao. Sina kinyongo nao. Leseni ni ya BSD, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadili programu, ukichoka nao unabeba data zako unaondoka.

Ninaoukwepa ni Digital Commons, mfumo wa kulipia unaofanya kazi hiyo hiyo. Sura yake nzuri, tena nzuri kuliko DSpace, nakiri. Lakini Agosti 2017 Elsevier, wachapishaji wakubwa wa majarida ya kitaaluma, waliinunua bepress, kampuni yenye mfumo huo, na maktaba za University of Pennsylvania zikatangaza zinatafuta pa kuhamia. Ulikimbilia huko kuwakwepa wachapishaji, unaamka mchapishaji ndiye mwenye nyumba!

Wiki ijayo ni zamu ya EPrints, programu nyingine ya aina hii kutoka Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, bonyezeni kengele isiwapite. Na mkiomba bei kwa kampuni yoyote, msiishie kwenye ada ya mwaka. Waandikieni: siku tukihama, mafaili pamoja na taarifa zake zote mtatupa kwa muundo gani, na kwa shilingi ngapi?